Njaa ya Fundi wa Mabango

Mtaani walimwita Mkasi, na si kwa sababu ya kukata nywele, maana yeye ni msusi na nywele hakati. Walimwita hivyo kwa ajili ya ulimi wake. Mteja akiingia saluni na kichwa kilichounguzwa na dawa za kujipaka nyumbani, Mkasi humzunguka kwanza, akamkagua utosi hadi kisogo, kisha akamuuliza kwa upole wa daktari kama aliyemfanyia vile ni adui au ni mtu wa familia. Wanawake walicheka, wakakaa. Walirudi kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi, na kwa sababu maneno ya Mkasi yalikuwa na raha yake, ilimradi anayesemwa yuko kiti cha pili.

Ujumbe uliingia kwenye simu akiwa amemsuka muuguzi mmoja nusu kichwa. Ulitoka kwa kaka yake, mtoto wa baba yake mdogo, karani wa bima aliyestaafu na kukosa la kufanya. Tangu astaafu, kaka huyu alikuwa anaandika kitabu cha ukoo. Aliwapigia simu wazee mmoja mmoja, akawauliza nani alizaliwa lini na nani alimwoa nani, na kila alichoambiwa akakiandika kama kilivyo, mradi kimetoka kwenye kinywa chenye mvi.

"Dada, kitabu kimekamilika," ujumbe ulisema. "Pitia sehemu ya marehemu baba yako. Ukiona kosa la herufi nijulishe. Jumapili tunakisoma kwa baba, halafu kinakwenda kwa mchapaji."

Mkasi akasoma, chanuo likiwa mdomoni.

Marehemu alikuwa fundi mabango hodari. Asubuhi ya siku ya mauti yake aligombana na mkewe, akatoka nyumbani bila kutia chochote tumboni. Akiwa juu ya jukwaa kwenye ukuta wa kiwanda cha sabuni alishikwa na kizunguzungu cha njaa, akaanguka. Mdogo wake, aliyekuwa naye kazini, alijaribu kumshika bila mafanikio.

"Mbona umesimama?" muuguzi akauliza.

"Nasoma jinsi mama yangu alivyomuua baba yangu," Mkasi akasema. "Inua kichwa."

Hadithi yenyewe haikuwa ngeni. Mkasi aliinyonya na maziwa. Baba alipofariki yeye alikuwa anajifunza kutembea, kwa hiyo alimjua kwa picha moja na kwa hadithi hiyo hiyo moja, na hadithi ilikuwa mali ya baba mdogo. Baba mdogo huyu, baba wa kaka mstaafu, ukoo mzima ulimwita Spika. Hapakuwa na harusi, msiba wala kikao cha kugawana viti vya plastiki ambapo Spika hakusimama, akakohoa, akaanza na marehemu kaka yake. Angeeleza walivyokuwa mapacha wa kazi, kaka akichora herufi na yeye akijaza rangi. Angeeleza ukuta ulivyokuwa mrefu. Akifika kwenye njaa, angeshusha sauti na kutazama sakafu, asimtazame mtu, na kwa ustaarabu huo wa kutomtazama mtu kila jicho lilikuwa linahamia kwa mama yake Mkasi.

Hakuna aliyemtukana mama. Wangemtukana, Mkasi angejua pa kuanzia. Walichofanya ni kumwonea huruma, na kumnyima mwiko. Kwenye shughuli za ukoo mawifi walipika, binti zao walipika, hata jirani asiyejua kumenya kitunguu alipewa sufuria akoroge, lakini mama yake Mkasi aliambiwa, "Wewe pumzika, wifi." Alipumzika hivyo miaka na miaka. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono mapajani, kama mgeni aliyekuja kusubiri basi. Wala hakujitetea. Mkasi alipokuwa msichana na damu inachemka, alimuuliza kwa nini anakubali kusemwa.

"Ni kweli tuligombana," mama akamwambia. "Baba yako alichukua kitambaa changu kipya cha kichwa akafutia brashi. Nikamnunia. Nilimfungia chakula, nikakiweka juu ya kopo la rangi, sikumwambia hata kwaheri. Shemeji akaniambia hakukigusa. Alisema hawezi kula cha mwanamke mwenye kisirani, akampa mlinzi."

"Na wewe ukaamini?"

"Mtu akifa umemnunia, unaamini chochote."

Hayo yalikuwa maneno ya mezani, ya kusemwa na kupita. Kitabu ni kitu kingine. Kitabu kingechapwa, kingegawiwa kila nyumba, kingewekwa rafuni karibu na vikombe visivyotumika, na wajukuu wangefundishwa kwamba bibi yao aliua mtu kwa kununa. Mama mwenyewe alikuwa hai na macho yake yalikuwa yanaona vizuri tu. Angekisoma. Mkasi akamaliza kichwa cha muuguzi bila kutia neno, jambo lililomtisha muuguzi kiasi cha kumuuliza kama anaumwa, na kesho yake akafunga saluni akaenda maktaba.

Chumba cha magazeti ya zamani kilikuwa nyuma ya choo, na kwa harufu ilikuwa vigumu kujua kimoja kinaishia wapi. Mtunzaji wake alikuwa bwana mwenye sweta, aliyeketi katikati ya miaka yote hiyo ya habari huku anasoma ujumbe kwenye simu. Mkasi akamtajia mwaka anaoutaka. Bwana akamtazama kama aliyeombwa figo.

"Hayo yako juu kabisa," akasema.

"Juu mbinguni au juu ya kabati?"

"Ngazi imeazimwa na watu wa umeme. Njoo kesho."

Mkasi akavuta meza, akapanda kwa viatu vyake, akashusha mafurushi mwenyewe, vumbi likamwagikia sweta. Bwana akalalamika kwamba utaratibu hauruhusu. Mkasi akamwambia aandike malalamiko, ayafunge vizuri na kuyaweka juu kabisa.

Habari yenyewe haikumsumbua kuipata, kwa sababu tarehe mama aliijua kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake. Iliyomsumbua ni kuiamini. Ukurasa wa mbele kulikuwa na picha kubwa ya mwanamke aliyeshinda baiskeli kwenye bahati nasibu, anacheka, ameishika kama mume mpya. Baba yake alikuwa ukurasa wa ndani, chini, kati ya tangazo la mafuta ya nywele na ratiba ya mpira. Kichwa cha habari kilisema: MTU MMOJA AFA. Mtu mmoja. Kana kwamba kulikuwa na hofu ya wasomaji kudhani ni nusu.

Habari ilimwita baba kibarua, wakati alikuwa fundi. Ilimwongezea umri. Ilisema ameacha mjane na watoto kadhaa, na Mkasi, mtoto wa pekee, akajitazama akiwa kadhaa. Kuhusu njaa haikusema kitu, wala kuhusu kushiba. Ilisema fundi alianguka kutoka kwenye jukwaa lililoning'inizwa kwa kamba, akafa papo hapo, na ikamalizia kwa sentensi ambayo magazeti huitumia kama watu wengine wanavyotumia mlango wa nyuma: uchunguzi unaendelea.

Mkasi akakaa akiitazama sentensi hiyo. Katika maisha yake yote alikuwa amesikia uchunguzi unaendelea, na hajawahi kukutana na mtu aliyeuona ukifika. Angeweza kufunga furushi akarudi kusuka. Lakini alikuwa na tabia ya kumshika mtu kwa neno lake, na kama gazeti limesema unaendelea, basi yeye alitaka kuona umeendelea mpaka wapi. Akaanza kufunua, siku baada ya siku. Akapita maharusi, wezi wa kuku, mvua, kesi za ng'ombe, hotuba za mabwana ambao leo hata watoto wao hawakumbuki walichosema. Vidole vikawa vyeusi. Bwana wa sweta akatangaza mara kadhaa kwamba anafunga, na kila mara akakuta amejitangazia mwenyewe.

Aliikuta kwenye gazeti la miezi mingi baada ya kifo, ukurasa wa mahakama. Siku hiyo yaelekea matangazo yalikuwa haba, kwa sababu mwandishi alikuwa ameachiwa nafasi akaijaza kwa kuandika kila lililosemwa. ALIRUDI NYUMA KUTAZAMA KAZI YAKE, kichwa kilisema. Chini yake hakimu alikuwa anachunguza kifo cha fundi mabango, na shahidi wa kwanza, aliyekula kiapo, alikuwa mdogo wa marehemu.

Shahidi alieleza kwamba siku hiyo walikuwa wanaandika jina la sabuni kwenye ukuta wa kiwanda. Mchana walipumzika hapo hapo juu ya jukwaa. Walikula chakula ambacho marehemu alifungiwa na mkewe, wakagawana. Hakimu akauliza marehemu alikuwa katika hali gani. Shahidi akajibu kuwa alikuwa na furaha, anacheka, anasema mkewe amemnunia kwa sababu ya kitambaa na kwamba jioni akishuka atapita dukani kumnunulia kingine.

Mkasi akaacha kusoma. Akatazama ukuta wa maktaba, ambao haukuwa na kitu cha kutazamwa. Kisha akarudi.

Baada ya kula, shahidi aliendelea, walifungua kamba ya mgongoni, ile inayowazuia mafundi wasianguke kwa nyuma, ili kupandisha ndoo ya rangi. Marehemu akamalizia herufi ya mwisho kabla kamba haijarudishwa. Hapo shahidi akamwambia kwamba herufi imepinda. Marehemu akarudi nyuma hatua moja aitazame vizuri.

Kila fundi mabango hufanya hivyo. Huwezi kuijua herufi ndefu kuliko wewe mwenyewe ukiwa umeigandia pua. Ni lazima urudi nyuma. Chini, kwenye uwanja, fundi anarudi mara mia kwa siku, miguu inakwenda yenyewe bila kuulizwa. Baba yake Mkasi alikuwa amezoea ardhi, na kwa muda huo mfupi wa kuitazama herufi yake alisahau kwamba ardhi haikuwapo.

"Herufi ilikuwa imepinda?" hakimu aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa," shahidi alijibu. "Nilikuwa namtania."

Mkasi alikuwa amekwenda pale kutafuta silaha, na sasa silaha ilikuwa mkononi na kwa kitambo kidogo alimwonea huruma aliyelengwa. Kijana, juu ya ukuta, mdomoni bado ana ladha ya chakula walichogawana, anamtania kaka yake kama walivyotaniana kila siku, na utani unamuua mtu mbele ya macho yake. Nani angeweza kulala na kitu kama hicho? Huruma hiyo ilidumu mpaka alipomkumbuka mama yake kwenye kiti karibu na mlango. Kijana yule hakuweza kulala, kwa hiyo alitafuta mtu wa kumtwika, akamtafuta aliye mnyonge kuliko wote, mjane mwenye mtoto mgongoni, akamtwika, kisha akasimama kwenye kila harusi kumsifu marehemu. Mahakamani, mbele ya hakimu na kiapo, alisema kweli. Nyumbani, ambako hakuna anayeapishwa, akasema alichopenda. Na ukoo mzima wenye macho haukuwahi kununua gazeti.

Akamwomba bwana wa sweta atoe nakala. Bwana akasema mashine ina tatizo la wino. Mkasi akamtazama tu. Mashine ikapona.

Jumapili sebule ya Spika ilijaa. Makochi yalikuwa bado yamevalishwa nailoni za dukani ili yasichakae, na wageni walikuwa wanayatelezea kama samaki. Kaka mstaafu alisimama na karatasi zake, miwani puani, akawaambia kwamba ukoo usio na historia iliyoandikwa ni ukoo yatima, sentensi ambayo bila shaka aliitunga bafuni. Spika alikuwa kwenye kiti chake kikubwa, mzee sasa, shingo imekonda ndani ya kola, lakini kifua bado mbele. Mama yake Mkasi alikaa karibu na mlango.

Kaka akasoma tangu babu wa babu. Alipofika kwenye fundi mabango, Mkasi akainua mkono.

"Nimeona kosa," akasema. "Si la herufi."

Akasimama, akasoma nakala yake. Hakuongeza neno. Alikuwa ameandaa mengi ya kuongeza. Wiki nzima aliyanoa huku anasuka, na wateja wake walikuwa wametoka na vichwa vilivyobanwa kupita kiasi. Lakini alipoanza kusoma aliona gazeti linatosha. Akasoma chakula, akasoma kitambaa, akasoma kamba ya mgongoni, akasoma utani. Alipomaliza, nailoni za makochi zikalia kwa sababu kila mtu alibadili mkao.

Macho yote yakamwendea Spika. Akakohoa, kama kawaida yake, lakini hotuba haikufuata.

"Magazeti ya siku zile," akasema hatimaye, "yalikuwa ya waongo. Waliandika walichotaka. Mimi sikuwahi kusema maneno hayo."

"Ulikula kiapo, baba mdogo," Mkasi akasema.

"Walinibadilishia maneno. Wewe ulikuwa mtoto, utajua nini? Kaka yangu alikufa na njaa. Nilikuwepo mimi, gazeti halikuwepo."

Baadhi ya mawifi wakatikisa vichwa kukubali. Ni rahisi kuikubali hadithi uliyoizoea. Haina kazi ya ziada. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kupatanisha kwamba ya kale yameshapita, kwa nini watu wafukuane, na kaka mstaafu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akavua. Alikuwa amemwona baba yake uso ulivyobadilika, na hakupenda alichokiona. Mkasi akajiona anashindwa. Mzee huyu angekataa mpaka kaburini, na wangemwacha akatae, kwa sababu ana mvi na kiti kikubwa. Akafungua mdomo ili yale aliyoyanoa yatoke yote.

"Kaa, mwanangu," mama yake akasema.

Mkasi akakaa.

Mama hakusimama. Alizungumza kutoka pale pale karibu na mlango, na ikabidi watu wageuze shingo, maana hawakuwa na mazoea ya kusikia sauti kutoka upande ule.

"Shemeji," akasema. "Nina swali dogo. Siku ile nilikuwa na hasira. Nilifunga viazi harakaharaka, sikungoja. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza. Viliiva?"

Hapakuwa na shutuma katika sauti yake. Aliuliza kama mpishi anavyomuuliza mlaji, kwa wasiwasi wa kweli, akiwa ameinama mbele kidogo ili asipitwe na jibu. Spika akamtazama, pengine kwa mara ya kwanza tangu wamzike kaka yake. Gazeti halikutaja viazi. Mkono wake uliokuwa umekamata kiti ukaachia.

"Viliiva, shemeji," akasema.



"Vilikuwa na chumvi kidogo tu," akaendelea, na sauti haikuwa tena ya harusi wala ya msiba, ilikuwa ya mtu mzima anayelia bila kujua. "Na yai. Yai lilikuwa moja. Akanipa mimi."

Mama yake Mkasi akaegemea kiti. Akafumba macho kidogo, akafumbua. Kisha akamgeukia kaka mstaafu, aliyekuwa bado amesimama na karatasi mkononi, hajui amtazame nani.

"Umesikia," akamwambia. "Andika kwamba alikula."